Gari Tulilolisomea Fatiha

Mimi ni mtu wa hasira, na sitasingizia uzee. Nilikuwa hivi hivi tangu usichana. Nimesomesha watoto wa watu miaka thelathini, nikiwagombeza kwa kusahau nukta mwisho wa sentensi, halafu mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, nikanunua gari bila ya kipande cha karatasi kinachosema tulikubaliana nini. Tulisoma Fatiha, nikaitikia amina, nikapokea ufunguo. Hapa Kibokoni, Mombasa, ndivyo tulivyo. Ukimwambia jirani yako aandike, umemwita mwizi.

Muuzaji mwenyewe hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu tangu utoto wao, na ana yadi ya magari yaliyotumika kule upande wa Mbaraki. Siku ya maziko alikuwa mbele kwenye jeneza. Na mkewe ndiye aliyebaki nami. Nilipokuwa edani, nimekaa ndani kwa kufiwa, wanawake wa mtaa walijaa wiki ya kwanza, wakapungua ya pili, na kufikia mwezi wa nne aliyekuwa akizipanda ngazi zangu ni yeye peke yake. Nilipotoka edani hakuacha. Kila siku baada ya alasiri nilimsikia kule chini: "Hodi! We bibi, hujafa bado?"

"Nakungoja wewe utangulie!"

Basi tuliketi dirishani, tukasikiliza matangazo ya vifo redioni, kisha tukawasengenya walio hai. Mwanangu wa pekee yuko Maskati. Hupiga simu Ijumaa, na kila Ijumaa ana haraka. Sisemi kwa kumlaumu, lakini ukweli ni kwamba sauti ya binadamu iliyokuwa ikiingia nyumbani mwangu ilikuwa ni ya yule mwanamke, basi.

Gari nililitaka kwa sababu nilichoka kuomba. Kwenda hospitali, umwombe mtoto wa fulani. Kwenda makaburini, umwombe mtoto wa fulani mwingine, naye akukumbushe kwamba alikupeleka mwezi uliopita. Nikajifunza kuendesha uzeeni, wanaume wa barazani wakicheka mpaka kahawa ikawapalia. Kisha shemeji yangu, maana rafiki wa mume ni shemeji, akaniletea habari: "Gari lako nimekuwekea kando, shemeji."

Tulimalizana sebuleni kwake. Mkewe alileta kahawa na halua, akakaa nasi. Nikauliza, "Halina kasoro?"

"Ala! Wewe nikupe gari bovu?"

Nilitaka kumwambia nimlete fundi alitazame kwanza. Maneno yalifika kooni, wallahi. Nikamtazama mkewe, ananimiminia kahawa, nikaona haya. Nimlete mtu baki alale chini kuchungulia gari la mtu aliyemzika mume wangu? Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikajiambia. Tukainua mikono, tukasoma.

Haikutimia wiki ya tatu. Mbele ya Ngome ya Yesu, jua la saa sita, gari lilitoa mguno, likasimama. Nilipolitia gia likakataa kwenda mbele. Nyuma linakwenda vizuri kabisa, mbele halitaki. Watembeza wageni na wauza vinyago wakaja kunisukuma, wakitokwa jasho na mzaha. "Mama, tuliingize ndani ya ngome," mmoja akasema, "liwe la makumbusho." Nilicheka nao ili nisilie.

Likavutwa hadi kwa fundi mmoja wa Mbaraki, Mkristo wa bara, aliyefanya kazi reli kabla ya kufungua gereji yake. Alifungua, akaniita nione. Giaboksi ilikuwa imekwisha zamani, imetiwa oili nzito ili isipige kelele. Mita ya kilomita nayo ilikuwa imerudishwa nyuma. "Mama," akasema, "hili halikufia mikononi mwako. Umeuziwa maiti aliyeoshwa." Akaniandikia yote hayo, akapiga mhuri, kisha akanieleza kwamba sheria inanilinda: aliyeniuzia alitengeneze, au anipe jingine, au arudishe changu. Kukosa mkataba si mwisho wa haki yangu, mradi nithibitishe niliambiwa nini siku ile.

Nilimsikiliza nikijionea aibu. Kwani hayo nilikuwa siyajui? Tangu chuoni kwa Kurani, nikiwa mdogo, tulifundishwa kwamba aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Dini imesema na serikali imesema. Kilichonishinda ni kuona haya tu.

Nikaenda yadini. Shemeji akanipangusia kiti, akaniagizia soda. "Chuma hiki, shemeji," akasema. "Chuma huharibika. Na jambo likishasomewa Fatiha halifunguliwi."

"Fatiha tulilisomea gari zima," nikamwambia, "si hili."

Akasema atamtuma mtu. Mtu hakuja. Nikarudi tena, na tena, mpaka vijana wa yadi wakiniona wanaingia ofisini. Barazani nako wakubwa wakaniasa: "Bi mwalimu, hayo ni ya nyumbani, yamalizeni nyumbani." Nyumbani kwa nani? Mimi kwangu nilikuwa niko peke yangu.

Mkewe aliendelea kuja, lakini tulikuwa tumekwisha kuharibika. Tukazungumza bei ya nazi, tukazungumza joto. Gari halikutajwa. Mpaka siku moja akasema, macho yake yako dirishani, "Shoga, liache. Nakuomba mimi."

Nilitaka kuliacha, Mungu ndiye shahidi yangu. Nilikuwa tayari kula hasara ile nikanyamaza, ili nisiipoteze hodi ya alasiri. Lakini mji wetu hauna siri, na neno likanifikia. Shemeji aliulizwa na mwenzake kama haogopi nitamshtaki, naye akasema, "Atafanya nini yule? Hana mtu."

Hana mtu! Hapo nilipandwa na mori. Nikafahamu kwa nini gari lile lilikuja kwangu, halikwenda kwa mwanamume mwenye ndugu sita. Halikuwekwa kando kwa ajili ya mapenzi. Lilikuwa likingoja mtu asiyekuwa na mtu. Asubuhi yake nilivaa buibui langu jipya, nikaenda kufungua kesi kwenye mahakama ya madai madogo, ambako huhitaji wakili, unakwenda na mdomo wako.

Kilikuwa chumba kidogo, meza moja, sote tumeizunguka. Hakimu alikuwa binti mdogo, umri wa wale niliowafundisha herufi. Akaisoma karatasi ya fundi, akamgeukia shemeji. Naye, bila hata kukohoa, akasema: "Nilimwambia kwamba giaboksi ina matatizo. Ndiyo maana nikampunguzia. Akaridhika."

Uongo mtupu! Nilipiga meza kwa kiganja, nikaambiwa nitulie. Kisha binti yule akaniuliza, kwa upole, "Mama, siku hiyo kulikuwa na mtu mwingine aliyesikia?"

Shemeji akaniangalia. Alijua ninachokijua. Alijua pia kwamba nina rafiki mmoja duniani, na akaweka dau lake hapo. Nikimtaja mkewe, namtia baina ya mumewe na mimi, mahali ambapo mwanamke hatoki mzima. Nisipomtaja, nimekubali kwamba sina mtu. Feni ilikuwa ikizunguka. Nikaona kwamba njia zote mbili zinanifikisha peke yangu, ila moja ina haki yangu ndani yake.

Nikamtaja.

Akaitwa kwa wiki iliyofuata. Siku zile hakupanda mtu ngazi zangu. Nilimpigia simu mara mbili, ikaita mpaka ikakatika. Usiniulize kama nililala.

Alikuja. Aliketi bila kuniangalia, akaapishwa, akaulizwa alisikia nini siku ile. Nilimwona akikunja ncha ya mtandio wake, akiikunja na kuikunjua. Angeweza kusema hakumbuki. Hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi.

"Aliuliza kama lina kasoro," akasema. "Mume wangu akamwambia halina."

Hakuongeza neno. Binti yule akaandika, na kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa nimepewa haki yangu: gari lirudi kwa mwenyewe, na changu kirudi kwangu.

Nilimkuta shoga yangu kwenye ujia, kando ya benchi, mumewe ametangulia kuelekea mlangoni. Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia asante, nilitaka kumwambia nisamehe, yakatoka yote mawili pamoja na hakuna lililosikika. Aliuacha mkono wake ndani ya wangu kidogo tu.

"Wewe haki yako umeipata," akasema. "Mimi yangu nikaidai kwa nani?"

Akautoa mkono, akamfuata mumewe.

Nilishinda, jamani. Barazani wale wale walionikataza wakasimama kunipa hongera. Nikapanda nyumbani nikiwa na habari kubwa kuliko zote tangu nifiwe na mume, na nilikuwa nimekwisha kuipanga kichwani: wapi nitaiga sauti ya hakimu, wapi nitapiga meza, wapi pa kuchekesha. Katika Mombasa nzima mtu wa kumsimulia alikuwa mmoja, na ndiye niliyemtaja mahakamani.