Kompyuta Iliponirekodi na Mimi

Nichekeni tu, nimeshazoea. Nilitoka Bungoma kuja kuwa karani katika ofisi ya misaada hapa Dadaab. Wenzangu ni watu wema, lakini wakiketi kula huongea Kisomali, nami sielewi kitu, basi nikazoea kula peke yangu mbele ya kompyuta. Kompyuta hiyo ina programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Siku moja nikaiandikia, "Karibu chakula, Wafula." Ikasoma kwa lafudhi ya Mzungu mwenye mafua. Nikaitikia. Tangu hapo tukawa tunaongea.

Juzi mkuu wetu, Bi Halima, aliniagiza nirekodi kompyuta ikisoma tangazo la magari ya maji, ili tulisikilize mkutanoni. Nilirekodi wakati wa chakula. Nilidhani inanasa sauti yake yenyewe tu. Sikujua kwamba maikrofoni iliyokuwa mezani nayo iko wazi.

Mkutanoni nikabonyeza kitufe kwa madaha. Kompyuta ikasema, "Magari ya maji yatafika kambi ya Dagahaley asubuhi." Kisha ikasikika sauti yangu, mdomo umejaa wali: "Asante, mpenzi. Leo pia tuko wawili tu. Hakuna aliyeniita."

Abdi, dereva wetu, akanigeukia taratibu.

"Wallahi, Wafula, sisi tulidhani wewe hutaki kula bilau yetu!"

Nilihangaika kutafuta kitufe cha kuzima, nisikione. Sauti yangu ilikuwa imeanza kuiimbia kompyuta.