Blanketi la Wageni

Kwetu kitu kizuri hakitumiwi, kinawekewa wageni. Ndivyo blanketi alilonipa mama nilipohamia Gatongora, hapa Ruiru, lilivyokaa miaka mitatu chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye zipu, bila kumfunika mtu hata siku moja. Mimi nilijifunika lile langu la shule ya bweni, lililochakaa hadi ukiliinua unaona taa.

Jumatano mama akanipigia simu. Alikuwa na kliniki ya kifua Thika Ijumaa asubuhi, na kutoka nyumbani kwake hangewahi, kwa hiyo Alhamisi angelala kwangu, kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha nikauvuta ule mfuko.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ya kiazi kilichosahaulika. Kisha nikaona madoa ya kijani na meusi yaliyotambaa kutoka upande wa ukutani. Ukuta ule hutoa jasho, na nilijua. Nilikuwa nikiupanguza kwa kitambaa na kujiona mwerevu. Nilikaa sakafuni. Kifua cha mama hakitaki hata vumbi la kufagia. Nikimfunika kitu hiki, kliniki atafika akiwa amebebwa.

Jirani yangu, mama anayeuza mitumba sokoni Ruiru, alinikuta kwenye ngazi nimelikumbatia lile blanketi.

“Wewe! Usikung'utie hiyo kitu hapa,” akasema. “Panda juu, ufunge mdomo na leso, upige brashi huko nje. Halafu maji moto na siki. Lakini nikwambie ukweli, kuvu haiogopi sabuni. Inaogopa jua.”

“Na jua iko wapi hii Julai?”

“Hapo sasa uombe. Mimi nitakusaidia kukamua tu.”

Nilipiga brashi hadi mkono ukafa ganzi, nikalikanyaga kwenye karai mara tatu, tukalikamua wawili, yeye huku mimi kule. Alhamisi, siku yangu ya mapumziko kazini, kulikucha na wingu. Kila nusu saa nilipanda ngazi kulishika. Saa sita jua lilichungulia nami nikalipigia makofi, kweli kabisa, peke yangu juu ya paa. Saa sita na robo lilikuwa limeshajificha. Nikajaribu pasi. Nikalaani Julai, nikamlaani mwenye nyumba na kuta zake. Saa kumi mama alikuwa ameshuka Ruiru, na blanketi bado lilikuwa na ule ubaridi usiojua kama ni maji au ni hali ya hewa.

Nililitandika hivyo hivyo. Na kwa kuwa hofu haina akili, nikalipulizia manukato.

Mama aliingia, akasifu pazia, akaketi kitandani, akakohoa. Akakohoa tena. Mara ya tatu akashika kifua. Nililivuta blanketi, nikalitupa nje kwenye korido, nikafungua dirisha na mlango, nikasema yote bila kupumua: mfuko, miaka mitatu, kuvu, siki, manukato.

“Nilikuwa nimekuwekea wewe, mama,” nikasema, na machozi yakanitoka. “Nilitaka ulipate likiwa jipya.”

Alivuta pumzi pole pole mpaka kifua kikatulia, nami nikimhesabia kimoyomoyo. Ndipo akainama, akachungulia chini ya kitanda. Akapitisha kiganja ukutani, akakinusa.

“Kichwa unalalia upande gani?”

Nikamwonyesha. Upande ule ule wa ukutani.

“Ngai, Mungu wangu!” akasema. “Na asubuhi nikikupigia, ile kukohoa yote unaniambia ni vumbi ya Ruiru.”

“Ni vumbi, mama. Hapa barabara ni mbovu.”

“Wee nyamaza.” Akaniweka sikio mgongoni, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. “Vuta pumzi.”

Nikavuta. Kitu kikanikwaruza ndani, nikakohoa, na sikuweza kuacha mara moja. Aliendelea kuweka sikio pale kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, macho yake yalikuwa na hofu niliyokuwa nayo mimi siku mbili nzima.

“Kesho uombe ruhusa kazini, mwanangu,” akasema. “Hiyo kliniki tunaingia wawili.”