Hodi Kwenye Kona

Kosa langu la kwanza kule milimani lilikuwa kutopiga honi. Nilijifunza kuendesha gari London, na London honi ni tusi. Mpigie mtu honi pale Stratford uone atakavyokugeukia, kana kwamba umemtaja mama yake. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kigari cheupe cha kukodi mjini Dehradun, chini ya milima ya Himalaya, nilijiapiza kuwa nitakuwa dereva mstaarabu. Nitatazama, nitapunguza mwendo, nitakwenda kimya.

Mke wangu alicheka tu. Alikuwa ameshavua viatu, anakula njugu na kunitupia maganda.

Mimi ni mtu wa hofu, bora niseme mapema. Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe: kazi ya kompyuta inayonipa riziki, kupika, hata huku kuandika. Na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akingoja siku atakayoumbuliwa. Barua pepe ya mistari miwili naisoma na kuisoma tena mpaka maneno yanakosa maana, ndipo naituma. Kabla ya safari ile nilitazama video za barabara za huko usiku na mchana, nikawa naziota kona zake.

Hofu hiyo ilikuwa imemkosesha mke wangu nyumba ya baba yake. Mzee huyo alizaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda, katika familia ya Kihindu ya wauza vitambaa. Baada ya Mapinduzi walitawanyika. Yeye, mtoto mdogo, alipelekwa shule ya bweni kwenye mji mmoja wa milimani India, na baadaye familia ikakutana tena London, Queensbury, anakoishi hadi leo. Mimi nami ni wa Unguja, Mwislamu. Tulipotaka kuoana nilitakiwa niende kwake nijieleze. Nikasema nitakwenda nikipata kazi ya kudumu. Nikaipata. Nikasema ngoja kwanza nijifunze Kigujarati. Nikasema maneno yangu ya posa hayajakaa sawa. Mwisho tukaoana kwa msajili, na mzee akamwambia binti yake kwenye simu, kwa Kiswahili, ili hata mimi niliyekuwa pembeni nisikie: "Mwanamume aliyemchukua mwanangu bila kufika mlangoni kwangu, mimi simjui."

Nilikuwa nimejitayarisha kusikia habari ya dini. Hakuitaja. Alitaja mlango.

Tangu hapo miaka miwili ilipita na mke wangu hakukanyaga Queensbury. "Nilitoka na wewe," aliniambia, "nitarudi na wewe." Alisema mara moja tu, akaendelea kukunja nguo.

Safari ya India ilikuwa wazo lake. Alitaka kuuona mji ambamo baba yake alilia kwa baridi akiwa mtoto, kisha kushuka mpaka Devprayag, mahali mito miwili inapokutana na kuanza kuitwa Ganga, akateke maji. Nyumba za Kihindu huweka maji hayo kidogo, kwa ibada, na kwa ajili ya kumtilia mtu mdomoni saa yake ya mwisho. Yaliyokuwapo Queensbury yalimalizikia kwa bibi yake alipofariki. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kuyateka mengine.

Tukapanda Mussoorie kwanza. Sijawahi kuona mji uliong'ang'ania mlima namna ile, nyumba juu ya nyumba, paa la huyu ni ua wa yule. Ukungu ulikuwa unaingia madukani kama mteja. Tulisimama nje ya lango la shule ya baba yake, wavulana wakipita na sweta zao, na mke wangu akawatazama mpaka wa mwisho akaingia. Halafu akasema, "Alikuwa na miaka minane. Ametoka Unguja na kaptura." Akanunua mahindi ya kuchoma, akaniwekea nusu. Ndivyo alivyo. Jambo zito hulipatia muda wake, kisha hula. Mimi jambo zito hulibeba mpaka likaota ukungu.

Siku ya pili tukaelekea Chamba na Tehri, na hapo ndipo ustaarabu wangu uliponitokea puani. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa jabali, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu, na chini kabisa mto kama uzi. Nyuma ya kila lori pameandikwa kwa rangi za harusi: tafadhali piga honi. Nilidhani ni mapambo. Kwenye kona moja, mimi kimya, basi likatokea limejaza barabara nzima. Nilikanyaga breki, njugu zikaruka, tukasimama pua kwa pua. Dereva wa basi akatoa kichwa dirishani, akasema neno refu kwa Kihindi. Basi zima likacheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza ni honi yako iliyokufa au ni wewe."

"Mwambie London hatupigi honi ovyo."

"Nimwambie hivyo? Atashuka aje akuzike." Akamwinulia yule dereva mikono miwili, akamwomba radhi kwa niaba yangu, na yule mtu akarudisha basi nyuma kwenye upenyo ambao mimi nisingepitisha baiskeli. Alirudi kwa utulivu, mkono mmoja, akitafuna kitu, na tulipompita alinigongea kioo kwa furaha kama jamaa yake. Mpaka leo namheshimu.

Nilipaki penye kibanda cha chai. Nilitaka kurudi Dehradun. Mke wangu alinipulizia chai yangu, jambo ambalo huwafanyia watoto wa ndugu zake.

"Wewe Mzanzibari gani?" akasema. "Kwenu mtu huingia ndani kwa watu kimya kimya?"

"Hapana."

"Hufanya nini?"

"Hubisha hodi."

"Basi. Kona ni mlango wa mtu. Hujui nani yumo ndani. Bwana we, bisha hodi!"

Nikarudi kwenye usukani. Kona ya kwanza nikabonyeza kidogo, kwa aibu.

"Hiyo ni honi au mbu?"

Nikabonyeza vizuri. Na kutoka nyuma ya jabali, nisikokuona, ikaja sauti ya honi nyingine kujibu. Sijui niieleze vipi raha ile. Siku nzima tukaenda hivyo, nikiita na kuitikiwa na watu nisiowaona, na mlima ambao asubuhi ulikuwa kaburi langu ukawa mtaa wenye wenyewe. Nikaanza hata kutazama nje: ngazi za mashamba ya mpunga, wanawake na mizigo ya majani mgongoni, nyani weupe wenye nyuso nyeusi wamekaa ukingoni kama wazee wa baraza.

Devprayag tulifika jua halijazama. Mto mmoja unakuja wa kijani, wa pili unakuja na rangi ya chai ya maziwa, na inapokutana huendelea bega kwa bega kwa kitambo, kila mmoja na rangi yake, kabla haijakubaliana. Ngazi zinashuka mpaka majini, na kuna minyororo ya chuma ya kushikilia, maana mto ule ungemchukua ng'ombe. Mke wangu alisali, akajimwagia maji kichwani, kisha akanipa mtungi mdogo wa shaba.

"Teka wewe."

"Mimi? Si dini yangu."

"Si dini. Ni zawadi ya mkwe."

Nikaushika mnyororo, nikateka. Maji yakatoka na tope. Nikayamwaga. Nikateka tena, upande wa kijani, yakatoka na mchanga. Nikayamwaga. Mama mmoja mwenye sari ya rangi ya embe, anayefua pale pale, akamuuliza mke wangu kama nimetumwa kuuhamisha mto. Nilikuwa nimelowa mpaka magotini na bado namwaga. Siwezi kumpelekea yule mzee maji machafu, nilisema. Atasema hata maji sijui kuteka.

Mke wangu hakucheka safari hii. Alikaa kwenye ngazi, nywele zinamtiririka.

"Miaka miwili unangoja maji yatulie," akasema. "Huu ni mto. Mimi nataka kwenda kwetu."

Nikateka kwa mara ya mwisho, tope na yote, nikafunga kifuniko.

Tuliporudi London hatukungoja. Wikiendi ile ile tulipanda treni mpaka Queensbury, mtungi umefungwa taulo ndani ya mfuko wa duka. Mlangoni palikuwa na kengele. Mke wangu akaniachia nafasi. Nilikuwa na hotuba ya Kigujarati kichwani, na nilipoutazama ule mlango haikubaki hata sentensi. Badala ya kengele nikajikuta nimegonga kwa kidole na kuita, kama niitavyo kwetu: "Hodi!"

Kimya. "Hodi!" Nikasikia televisheni inapunguzwa sauti. Mke wangu alikuwa amenishika mkono wa koti, na nilijua, naye alijua, kwamba zinabishwa tatu, na ya tatu isipoitikiwa mtu huondoka.

"Hodi, baba!"

"Karibu," ikajibu sauti ya kiume ndani, haraka, kabla mwenyewe hajafikiri. Halafu kimya tena, kirefu, kama mtu aliyeshikwa na ulimi wake. Halafu hatua.

Alimtazama binti yake kwanza. Kisha mimi, kisha taulo niliyokuwa nimeitoa mfukoni. Akaupokea mtungi, akaufungua pale pale mlangoni, akauinamisha kwenye mwanga.

"Yana tope," akasema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Ya dukani ndiyo yasiyo na tope." Akafunga kifuniko, akaukumbatia mtungi kifuani. "Ingieni basi, mnaniletea baridi."

Hotuba yangu sijaitoa hadi leo, na barua pepe bado nazisoma kupita kiasi. Lakini mke wangu ana ufunguo wa nyumba ya baba yake tena, na kila Jumapili tunakula huko.