Keekee Iliyolala Kwenye Mafuta

Jambo la kwanza unaloliona kwa mama seremala ni kwamba hukishika kitu kwanza, ndipo akakitazama. Hivyo ndivyo alivyoipata keekee kuukuu ya kutobolea mbao kwa mkono, chini ya rundo la vyuma chakavu. Kutu ilikuwa imeikaba isizunguke, lakini hakuna jino la gurudumu lililovunjika, na mpini wake wa mti ulikuwa umelainishwa na viganja vya watu asiowajua.

"Mama watoto, umeme upo, nawe unatuletea kikongwe?" mumewe alimtania.

"Ya kale dhahabu, baba. Mbona wewe si wa jana na sijakutupa?"

Mzee akacheka, akamletea bakuli la mafuta.

Binti yao yu karibu kujifungua, na mama ameapa kwamba kitanda cha mjukuu kitatobolewa kwa keekee hiyo, taratibu, bila kelele. Siku ya nne sasa imelala kwenye mafuta. Kila asubuhi huketi kando yake, macho ameyafumba, akiiota mikono iliyoizungusha zamani. Jana gurudumu lilisogea jino moja. Mbao ziko tayari. Leo, akimaliza chai, atajaribu tena.