Siku Niliyoziba Tundu la Tangi kwa Sabuni

Mkitaka kucheka chekeni sasa, ili nikifika pale baba yangu aliposimama katikati ya mbuzi wa Kiamaiko na suti yake ya kusimikwa uzee wa kanisa, muwe mmekwisha kunicheka, maana aibu ile nimeibeba tangu miaka ya tisini na bado, nikiisimulia, najikuta nimeinua kidevu kana kwamba nasimulia ushindi.

Wakati huo nilikuwa napeleka dawa kwa wagonjwa majumbani, Pumwani, Shauri Moyo, Huruma, mitaa yote hiyo ya Nairobi, na ofisi yetu ndogo ikanipa pikipiki. Mwanamke, Shauri Moyo, juu ya pikipiki, tena na suruali. Nikipita, vijana wa kona wananipigia "niaje, madam", akina mama wa mitumba wanasogeza mizigo yao nipite, na mimi (kwa nini niwafiche?) nilikuwa napenda, napenda sana, hata pale penye njia ya mkato nilizungukia barabarani ili nionekane vizuri.

Asiyependa alikuwa baba. Yeye alitoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani, akatulea katika chumba kimoja cha kanjo, hizi nyumba za baraza la jiji, bila kudaiwa na mtu, na kwake msichana anayekaa juu ya chombo miguu huku na huku posa yake ingepotelea njiani. Hakunigombeza, alikuwa anaguna tu kila nikiwasha. Basi alipochaguliwa mzee wa kanisa, na kanisa lenyewe liko mbele ya Kiamaiko, nikamwambia siku ya kusimikwa nitampeleka mimi. Akanywa chai yake yote, ndipo akanijibu.

"Sawa, Mama." (Aliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.) "Ikinifikisha bila aibu, sitaisema tena. Ikiniaibisha, Jumatatu unarudisha ufunguo ofisini."

Na ufunguo ukirudi kazi nayo imekwenda, kwani wale wagonjwa wangu hakuna mtu angewazungukia wote kwa miguu.

Sasa Jumamosi jioni ndipo nilipojiroga. Kwetu pikipiki ililala ndani, maana ukiiacha nje asubuhi utakuta alama ya oili tu pale iliposimama. Ililala kwenye chumba cha wazazi, upande wa huku wa pazia (mimi nikilala kwa shangazi, mlango wa pili). Nilikuwa nimejaza tangi mpaka shingoni, kwa sababu mzee wa kanisa habebwi na nusu tangi, na petroli ikawa inanuka chumba kizima, na suti ya baba imetundikwa msumarini juu yake palepale. Nikainama, nikanusa kama paka, nikagundua harufu inatoka kwenye kitundu katikati ya kifuniko cha tangi, kitundu cha kuingia sindano. Mnajua kwetu kinachovuja dawa yake ni sabuni ya mche: karai, ndoo, hata tangi la lori la jirani. Nikakata kipande, nikakikanda, nikaziba, nikapangusa vizuri. Harufu ikakoma. Nikaenda kulala nikijisifu kwamba mimi ni binti wa kujivunia.

Asubuhi mama alitangulia kwa miguu na kwaya. Majirani wakatoka milangoni kutuona, baba akapanda nyuma na Biblia kwapani, shingo imesimama, nami nikapiga honi bila sababu yoyote. Tulifika Eastleigh, pikipiki ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki, wapi. Tukangoja kidogo, nikapiga tena, ikawaka kama haijawahi kukosa. Nikamwambia baba ilikuwa inapasha moto. Akaguna.

Ikazima tena katikati ya Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, na safari hii kiki haikusaidia. Watu wakajaa. Mmoja akasema plagi, mwingine betri, mwingine akasema chombo kikiendeshwa na mwanamke huwa kinaona haya. Nikafungua plagi, cheche ilikuwa nzuri tu, ya buluu. Wakasema basi isukumwe. Wakasukuma, na baba naye akasukuma, na suti yake, viatu vyake vilivyong'arishwa vikikanyaga kinyesi cha mbuzi, na beberu mmoja akimfuata akitafuna ncha ya koti. Mfanyabiashara mmoja akauliza kama hiyo tunaiuza nzima au kwa kilo. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na ndipo kwaya nzima ikapita, leso za kijani kichwani, mama yangu mbele, akatuona, akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo akaendelea kutembea.

Baba akaacha kusukuma. Akajifuta jasho.

"Mama, mimi nitatembea," akasema taratibu. "Ufunguo unajua pa kuupeleka."

Nilitaka kulia, jamani. Lakini hasira ikatangulia machozi, nikawaambia wale wanaume wote wanyamaze, nikapiga magoti mavumbini, nikaanza upya kama nilivyofundishwa nilipopewa pikipiki: petroli inatoka wapi, inapita wapi, inakwama wapi. Nikatikisa tangi, limejaa. Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, hakuna hata tone. Nikachomoa mpira unaotoka kwenye tangi, ukadondosha kidogo, ukakata. Yaani petroli iko juu na inakataa kushuka. Baba (nilijua hatatembea bila kuona mwisho) akainama karibu ashuhudie. Nikashika kifuniko, nikakizungusha, tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua, na petroli ikaruka kutoka kwenye mpira ikamwagikia viatu vya baba, vyote viwili, na soksi.

Hapo nikakumbuka sabuni.

Ningeweza kusema ni uchafu. Nikaitoa kwa pini ya nywele, nikamwonyesha kiganjani mbele ya soko zima, nikamweleza kwamba petroli ikishuka lazima hewa iingie mahali pake, na mlango wa hewa nimeuziba mimi kwa mikono yangu, kwa ajili ya suti yake.

Akaitazama ile sabuni.

"Yaani ilikuwa haipumui?"

"Ilikuwa haipumui, Baba."

Nikarudisha mpira, nikapiga kiki moja tu. Ikanguruma. Wale waliokuwa wanacheka wakapiga makofi, na mimi, magoti yakiwa vumbi tupu, nikawapungia mkono kama waziri.

Kanisani alisimama mbele akinuka petroli na mbuzi, na alipopewa nafasi ya kusema neno, nikainamisha kichwa. Akasema anayesikia harufu asimtafute mwenzake, ni yeye. Akasema pikipiki ilizima Kiamaiko na wanaume wote waliokuwepo walishindwa, yeye akiwa mmoja wao, na aliyeiwasha ni binti yake, yule pale, mwenye vumbi. Kuhusu sabuni hakusema neno, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka tulipomzika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sina ugomvi nao, ila wao hawakuwa na pikipiki. Mimi niliapa: tundu nisilojua kazi yake siligusi, hata linuke vipi.

Jumatatu nilikuta ufunguo haupo msumarini, nikajua amekwisha kuupeleka ofisini. Kumbe baba anao, amesimama kando ya pikipiki na sare yake ya kiwandani. Akaniambia nimwonyeshe kile kitundu. Nikamwonyesha. Akafungua kifuniko, akakiweka mdomoni, akapuliza, akasikiliza.

"Kinapumua," akasema, akanipa ufunguo. "Nenda, wagonjwa wanakungoja."