Madam Seline na Mipira ya Juu

Bwana Waliaula, mwalimu mkuu, alipouliza kwenye mkutano wa walimu ni nani aliyewahi kucheza raunda, mchezo unaofanana na besiboli, Seline Obiero aliinua mkono bila kufikiri. Alikuwa ameicheza akiwa msichana wa sekondari, tena vizuri. Kabla ya jioni, gunia la glavu za besiboli lilikuwa limetua mlangoni pa darasa lake, na pamoja nalo habari kwamba watoto wake wa gredi ya tatu wangecheza na shule nyingine mjini Kisumu kabla muhula haujaisha. Glavu zilitoka kwa wafadhili. Hakuna aliyeuliza kama watoto wenyewe waliwahi kuuona mchezo huo.

Shule yao iko chini ya mji mdogo wa Otonglo, nje ya Kisumu, upande wa kuelekea ziwani. Seline aliwapanga watoto uwanjani, akawavalisha glavu mmoja mmoja, akaurusha mpira wa kwanza juu. Wote walijishika vichwa wakachuchumaa. Mpira ukaanguka katikati yao, puu, nao wakainuka na kuuangalia kama kitu kilichopotea njia.

Siku hiyo alicheka. Wiki iliyofuata hakucheka tena.

Aliwaeleza kwamba mpira wa juu haukimbiwi, unafuatwa. Unautazama unakotelemkia, unafika mapema, unaweka glavu mbele ya paji la uso, na mkono wa pili unaufunika ukishaingia. Walimwitikia "Ndiyo, Madam" kwa sauti moja, kisha mpira ukapaa nao wakatawanyika. Byron, aliyewashinda wote kwa mbio, alikuwa akifika chini ya mpira kabla ya wenzake, akifumba macho na kuinua glavu kama mtu anayejikinga mvua. Wengine waliuacha udunde kwanza, halafu wakautuliza kwa mguu, maana hivyo ndivyo walivyozoea kwenye kandanda. Seline alipaza sauti, akarusha tena, akapaza tena. Bega likaanza kumuuma hata akawa anaandika hesabu sehemu ya chini tu ya ubao. Mumewe, Dishon, alimshauri auache mchezo huo. Akamjibu kwamba ikiwa ni kuacha, ataanza kwa kuacha kupika.

Aliyemchosha kuliko wote ni Achola, msichana mwembamba ambaye, mpira ulipokuwa ungali mbali angani, tayari yeye alikuwa amelala chini. Alasiri moja, jua likiwachoma wote, Seline alimshika mabega akamwambia asimame palepale, asisogee wala asiiname. Kisha akarusha. Achola alitii. Alisimama wima, mikono ikining'inia, na mpira ukamgonga puani.

Damu ilipokatika, Seline alimpeleka nyumbani mwenyewe, akijilaumu njia nzima. Mama yake Achola walimkuta ufuoni akigeuza omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya nyavu. Alimtazama mtoto, akamtazama mwalimu, na hakupandisha sauti.

"Mwalimu, mimi nilileta mtoto asome. Sasa unanirudishia hivi?"

Seline aliomba radhi. Akaeleza habari za glavu na mashindano, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyozidi kumchukiza mwenyewe. Alikuwa bado anaongea kivuli kilipopita mchangani. Mwewe alitelemka kwa kasi juu ya omena, na papo hapo watoto wote waliokuwa wakicheza pale, wadogo kwa wakubwa, wakajishika vichwa wakachuchumaa. Achola naye alichuchumaa, pamba ikiwa bado puani. Mwewe alipopaa na kitoweo chake, msichana aliokota jiwe akamtupia, likamkosa bawa kidogo tu.

Mama Achola alipanga vizuri omena zilizovurugika. Mwezi uliopita, alisema, mmoja wa ndege hao alimpokonya Achola mandazi mkononi. Kisha mama akagawa nywele za mtoto kwa vidole, Seline akaona kovu refu utosini.

Wiki zote hizo Seline alikuwa akiwaita watoto hao waoga.

Alibadilisha mafunzo tangu mwanzo, na bado haikuwa rahisi. Alishona mipira ya vitambaa. Kila mtoto aurushe wake mwenyewe, hadi kidevuni tu, kisha audake. Halafu usawa wa macho. Halafu juu ya kichwa, na hapo nusu yao wakachuchumaa upya, akawarudisha kidevuni. Mara mvua ikanyesha. Mara timu ya kandanda ikauchukua uwanja, na mwalimu wao akamwambia kwa upole kwamba wengine walikuwa na mashindano ya kweli. Bwana Waliaula alipita akauliza kwa nini watoto wanachezea matambara na glavu zipo. Seline alimjibu kwamba watazifikia, akageuka haraka asije akasema jingine.

Walizifikia, lakini kwa kuchelewa. Siku ya mashindano waliangusha karibu kila mpira. Bahati ni kwamba wapinzani wao nao waliangusha ya kwao, na mchezo ukaelekea mwisho wakiwa sare. Wapinzani walikuwa na mtoto mmoja kwenye kituo cha tatu, hatua chache tu afike nyumbani, kituo cha mwisho ambapo alama hupatikana, mwenzao alipoupiga mpira juu sana, upande wa Achola.

Seline alishika kichwa chake mwenyewe. Achola alirudi nyuma kidogo, akasogea mbele, akainua glavu. Macho yalikuwa wazi. Mpira ukaingia, mkono wa pili ukaufunika.

Mpigaji alikuwa ametolewa mchezoni. Lakini kwa sheria za besiboli, mpira ukishadakwa, aliye kwenye kituo ana ruhusa ya kukimbia, na yule mtoto wa kituo cha tatu alikuwa amefundishwa. Alichomoka. Timu nzima ya Seline ilikuwa imemkimbilia Achola, inamkumbatia, inarukaruka. Seline alipiga kelele arushe, arushe nyumbani, hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyemsikia. Mtoto yule alifika nyumbani bila kuguswa, na mchezo ukaishia hapo, wapinzani wakishinda kwa alama moja.

Achola alikuja mbio, mpira ungali ndani ya glavu.

"Madam, nimedaka!"

"Nimekuona. Mbona hukurusha?"

Achola alifikiri. "Hukutuambia turushe."

Ilikuwa kweli. Muhula mzima aliwafundisha namna ya kuupata mpira, na hata siku moja hakuwaambia wakishaupata waufanyeje.

Jumatatu aliwatoa tena uwanjani, bega likinuka dawa ya kuchulia, akawaambia wakidaka warushe mara moja. Byron alidaka mpira wa kwanza, macho yakiwa wazi, akaurusha kwa nguvu zake zote, ukavuka ua na kupotelea kwenye shamba la mahindi la jirani. Seline akaingia shambani kuutafuta, watoto wote wakimfuata.