Cheche Ukutani

Gereji nzima ilimwita Cheche. Kwanza kwa kazi, maana anachomelea mageti na madirisha. Pili kwa mdomo: umguse kidogo tu, kalipuka. Ila pale wodini, pembeni ya kitanda cha mkewe, alikuwa kanywea kama kamwagiwa maji.

Mimba ilikuwa ya miezi saba na presha ilikuwa juu vibaya. Daktari alishawaeleza. Dawa ya kuishusha anapewa, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto kachomwa, na kila siku mtoto anayokaa tumboni ni faida kwake.

"Ila mama, ukiumwa kichwa kikali au ukaona vimulimuli, sema. Hapo hatusubiri, tunamtoa. Tukichelewa unaweza kushikwa na degedege, tukawakosa wote wawili."

"Sawa, daktari," mkewe aliitika. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiti, akaishi asubuhi moja tu. Huyu alishasema atambeba mpaka mwisho, liwalo na liwe.

Mchana wa siku ya pili akamvuta Cheche shati. "We, umeingia na mashine yako humu?"

"Mashine gani?"

"Mbona cheche zinaruka ukutani?"

Cheche akacheka. Halafu akakumbuka.

Wiki iliyopita mkewe alilalamika hivyohivyo, siku aliyompelekea chakula gereji. Naye akamfokea: "Si nilikwambia usitazame moto!" Akamfunika macho kwa kitambaa cha maji baridi, kama wanavyofanyiana mafundi, akamwambia alale. Mjinga mkubwa! Leo humu hakuna moto. Hakuna hata kiberiti.

"Zimeanza lini?"

"Asubuhi. Na kichwa kinagonga kama nyundo yako. Nyamaza, mume wangu, watamtoa mtoto."

"Na wewe je?"

"Mimi si nipo? Siku mbili tu apate nguvu. Ukisema, huyu naye akafa, wewe ndiye umemuua."

Cheche alitamani kumtukana mtu, hakumwona wa kumtukana. Chuma kikikatika anakiunga. Hapa akishika huku, kule kunaachia.

"Sista!" Wodi nzima ikageuka. "Mke wangu anaona cheche! Na kichwa kinampasuka!"

"Taratibu, kaka, kuna wagonjwa," nesi alisema, huku tayari anakimbia.

Daktari akapima presha, uso ukambadilika. "Mapafu ya mtoto hayajawa tayari, lakini hatuna tena cha kusubiri. Upasuaji, sasa hivi."

Kitanda kikasukumwa. Cheche akamshika mkewe mkono. Mkewe akauchomoa.

"Msaliti we."

Akabaki koridoni, mkono hewani.

Baadaye nesi akamwingiza chumba cha watoto njiti, akamwonyesha kisanduku cha kioo. "Mwanao huyo. Anasaidiwa kupumua. Siwezi kukuahidi kitu."

"Mama yake?"

"Yuko hai. Presha bado tunahangaika nayo."

Cheche akasogeza uso mpaka kioo kikashika ukungu. Kifua kidogo kilipanda, kikashuka, kikatulia. Kikapanda tena.

"Pumua, mwanangu," alinong'ona, machozi yanamwagika. "Pumua bwana. Mama yako akiamka, anitukane na wewe unasikia."